Kengele ya Mlango Kwenye Goti la Mama

Daktari alisema mama anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu. Alisema mara moja tu, amesimama mlangoni mwa wodi na faili kwapani, na inaonekana mimi peke yangu ndiye niliyemsikia. Jamaa wengine wote waliokuja kumwona walisimama miguuni pa kitanda wakaanza kumzungumzia kwa "alikuwa". Alikuwa mtu wa bidii. Alikuwa hapendi mchezo. Nikawaambia, "Bado yuko, na masikio yake yako." Wakanitazama kwa ile huruma inayonipandisha mori mpaka leo.

Hapo ilikuwa katikati ya mwaka wa 2007. Kiharusi kilimkuta shambani Subukia, asubuhi, akiwatilia ng'ombe chakula, na kilipomwachilia kilikuwa kimebeba mikono yote miwili, mguu wa kushoto na sauti. Kilimwachia macho, shingo kidogo, na goti la kulia. Goti hilo aliweza kulisukuma pembeni akitaka na kulirudisha. Nilimleta kwangu Nakuru, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, nikampa chumba chenye dirisha, na mimi nikahamia kwenye kochi.

Baba alikuwa ameshafariki miaka mingi. Yeye na mama walitoka makabila mawili, kila upande umenuna, ndiyo maana nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili tu. Shamba walilinunua pamoja, wakapanda kahawa upande wa chini na mahindi upande wa juu, na baba alipoondoka mama akaliendesha peke yake kama kwamba hajaachwa na mtu. Ndugu mkubwa wa baba hakuwahi kulimeza jambo hilo. Baba mkubwa alikuwa mzee wa kofia na koti hata jua likiwaka, mpole wa maneno, na kwa kila ulichosema alikuwa na methali ya kukifunikia. Mara ya kwanza alipokuja Nakuru alikunywa chai yake taratibu, kisha akanivuta kando. Kando yenyewe ilikuwa hatua mbili kutoka kitandani.

"Mama yako amemaliza kazi yake, mwanangu," akasema. "Tumshukuru Mungu. Shamba haliwezi kukaa bila mwenyewe. Kikao kitakaa, tutaongea mambo ya kuuza."

Goti la mama likagonga ubao wa kitanda, mara mbili. Tulikuwa tumekubaliana, mimi na yeye, kwamba mara moja ni ndiyo na mara mbili ni hapana.

"Amekataa," nikasema.

"Hiyo ni mishipa tu."

"Mishipa inajua kuhesabu?"

Akatabasamu, akanipiga bega kama mtu anayebembeleza ndama. Lakini alichosema baadaye kiliniuma kwa sababu kilikuwa na ukweli ndani yake. Alisema, "Wewe ndiye unauliza, na wewe ndiye unatafsiri. Hapo mama yako ameongea saa ngapi? Ni wewe unaongea." Na kweli, mama aliweza kujibu tu yale niliyofikiria kumuuliza. Kama alikuwa na neno lake mwenyewe, neno ambalo mimi sikulijua, lilikuwa limefungiwa ndani naye. Basi nikajua kinachotakiwa kabla ya hicho kikao: mama aseme jambo alilolichagua yeye, bila mkono wangu wala mdomo wangu kuingia katikati. La sivyo wangemuuzia shamba akiwa anatazama.

Mimi nilikuwa mwalimu wa pakeji. Kwa asiyejua, pakeji ni yale masomo ya kompyuta yaliyokuwa yakifundishwa kila ghorofa ya mjini siku hizo: kuandika barua, kupanga hesabu kwenye jedwali, na kuambiwa usiguse waya. Chuo chetu kilikuwa juu ya duka la mbegu, na kompyuta zake zilikuwa zimejaa virusi hata ukiweka kadi ya kuhifadhi kazi yako unaitoa na magonjwa. Nilitafuta programu ya kumsaidia mtu kama mama. Ilikuwepo, ya kununua, ya ng'ambo. Jamaa aliyekuwa anaiuza aliniambia ina kifaa chake maalum, ina ruhusa zake maalum, na ndani yake hakuna kinachobadilishwa. "Inakuja hivyo ilivyo, madam," akasema. "Mgonjwa ndiye atajizoesha." Nikamwambia mgonjwa ameshajizoesha vya kutosha, nikaondoka.

Ni mwalimu mwenzangu aliyenielekeza Njoro. Pale chuo kikuu kulikuwa na mhadhiri mmoja, mama wa makamo mwenye viatu vya kutembelea matopeni, aliyekuwa akigawa bure sidii za Linux, programu huria ya kuendeshea kompyuta, kwa yeyote aliyeuliza. Nilimkuta akitoka darasani, nikamweleza mambo ya goti. Hakunionea huruma hata kidogo, nikampenda hapo hapo. Alisema ndani ya sidii hiyo kuna kibodi inayojichora kwenye skrini na kujitembeza yenyewe, mstari hadi mstari, kisha herufi hadi herufi, na mtu anahitaji kitu kimoja tu cha kubonyeza. "Itakusumbua," akasema. "Lakini hii huombi mtu ruhusa. Ikikukatalia unaifungua ndani, unaangalia kwa nini."

Kitu cha kubonyeza nilikipata kwenye duka la vifaa vya umeme, kwa mzee mmoja Mhindi ambaye babu yake, alivyoniambia mwenyewe, aliuza taa za kandili kwenye duka hilo hilo. Nilimwomba kengele ya mlango.

"Ya nyumba ama ya geti?"

"Ya goti."

Aliweka miwani juu ya paji la uso akanitazama, kuona kama ninamchezea. Nikamweleza. Akatoa vitufe vya kengele vya kila aina akavipanga juu ya kaunta, na badala ya kuvibonyeza kwa kidole akawa anavibonyeza kwa upande wa mkono, pole pole, amefumba macho. "Mgonjwa anataka springi laini," akasema. "Hii ngumu. Hii pia ngumu. Hii mtu wa polisi ndiye anaweza." Aliyoichagua ilikuwa kubwa, nyeupe, ya plastiki. Nilikuwa nimekuja na kipanya kizee cha kompyuta, akakifungua tumbo, akatia lehemu nyaya mbili pale pa kubonyeza kushoto, akazileta mpaka kwenye kengele. Aliniambia ikilegea nimrudishie aikaze, na nimsalimie mama.

Nikadhani kazi imekwisha. Wapi! Kwanza kompyuta yenyewe nilikuwa nimeiokota chuoni, mzoga uliotupwa stoo, nikaufufua kwa sidii ile. Ilikubali. Kibodi ikatokea kwenye skrini, mistari ya herufi, na kivuli cha manjano kikawa kinashuka mstari mmoja mmoja. Nikaifunga kengele kwenye mguu wa kiti cha mama, sawa na goti. Mama akasukuma. Kibodi ikapotea, dirisha jingine likafunguka, na mashine ikatuuliza kama tunataka kufuta faili.

Tatizo, nilikuja kuelewa baada ya siku nyingi za kusoma kwenye saiba, vile vibanda vya intaneti, ni kwamba mashine ilidhani kengele ni kipanya cha kawaida. Mama akibonyeza, inabonyeza popote pale mshale ulipo, iwe ni kwenye herufi au kwenye kufuta dunia nzima. Ilibidi niiambie kuwa hiki ni kipanya kisichohusika na mshale, kiwe na jina lake na kazi yake peke yake. Maelezo hayo yanakaa kwenye faili moja ya maandishi matupu ambayo mashine huisoma inapoamka. Mtu fulani kwenye mtandao, ambaye sikumjua na hakunijua, aliniandikia mistari ya kuongeza. Nikaiongeza. Nikazima, nikawasha. Skrini ikabaki nyeusi tii, na maneno meupe machache pembeni yakiniambia haioni hata pa kuchora.

Nilitukana. Nilitukana kwa Kiswahili, nikahamia lugha ya baba, nikamalizia na ya mama, maana matusi ya kwao ni mazito zaidi. Nilipogeuka nikamwona mama macho yamejaa machozi na mabega yanatikisika. Nikashtuka, nikakimbilia kumshika. Alikuwa anacheka. Tangu kiharusi sikuwa nimemwona akicheka, na nikaketi sakafuni nikacheka naye mpaka mbavu zikaniuma. Kesho yake nikarudisha faili ya zamani, nikaandika upya mstari kwa mstari, na safari hii mashine ikaamka na kengele ikajulikana kuwa kengele.

Mwaka ukageuka. Mtu yeyote wa Nakuru anajua 2008 ulivyoanza baada ya ule uchaguzi, na asiyejua sitamwanzia mimi. Nitasema tu kwamba chuo kilifungwa, kafyu ikawekwa, na katika nyumba yetu yenye damu za pande mbili tulikaa tukijua kuwa yeyote atakayegonga mlango, wa upande wowote, atakuwa na sababu ya kutuchukia nusu. Mama alisikia kila kelele iliyopita nje. Nilimuuliza kama anaogopa, akagonga mara mbili. Nilimuuliza kama ananidanganya, akagonga mara moja. Basi tukashika kazi. Umeme ukiwepo tulikaa mbele ya ile skrini asubuhi hadi jioni, kwa sababu kwingine hakukuwa na pa kwenda.

Na hapo ndipo tulipogonga ukuta. Mashine ilifanya kazi. Kengele ilifanya kazi. Mama hakuandika. Kivuli kilishuka kwenye mistari, A mpaka F, G mpaka L, naye alikuwa akibonyeza kabla au baada, na alichopata kilikuwa rundo la herufi lisilo na maana. Nilipunguza mwendo. Nikaongeza ukubwa. Nikamwelekeza kama nilivyowaelekeza wanafunzi wangu wote: "Mama, tuandike MAJI. Tafuta M. Sasa tafuta A." Alikuwa anajaribu, jasho linamtoka juu ya mdomo, halafu anafumba macho na kukataa kuyafumbua. Siku moja nilipaza sauti. Hakufumbua macho mpaka jioni.

Kaka yangu alipiga simu kutoka Nairobi. Yeye ndiye kifungua mimba, mtu mzuri, lakini mzito wa kusimama upande mmoja. "Sista, wacha kumtesa mum," akasema. "Labda baba mkubwa ana ukweli. Labda kichwa kimeenda." Alisema pia kwamba huko Subukia watu wanauza na kuhama, na kwamba kuna mtu yuko tayari kulichukua letu. Mama angehamia kwake, apate muuguzi. Nilimwuliza nani amemuuliza mama kuhusu muuguzi. Akampa simu baba mkubwa, kumbe walikuwa pamoja.

"Mwanangu," sauti ya upole ikaja. "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Basi mimi si mshindani," nikasema, nikakata simu.

Kwetu hukati simu ya mzee. Lakini sikujuta, na sijajuta.

Barabara zilipotulia, alikuja mgeni kutoka Subukia, jirani wa mama, mjane mwenzake, na chupa ya maziwa na habari za kila boma. Huyu na mama walikuwa wamesoma pamoja ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, nikiwa bado mdogo. Mama hakuwahi kuingia shule utotoni. Alijifunza kusoma akiwa na watoto wawili na ng'ombe wa kukamua, chini ya mabati ya kanisa, jioni mbili kwa wiki, na alikuwa akitusomea kwa sauti kila kibao cha duka tulichopita ili tujue kuwa anajua.

Jirani alikaa kwenye stuli, akamshika mama mkono usiosikia, na hakumzungumzia kwa "alikuwa" hata mara moja. Alimchokoza. "Wewe, umelala tu hapa unapikiwa, na mimi nachimba mashimo ya mahindi peke yangu. Unamkumbuka mwalimu wetu, yule wa kutuimbisha kama watoto wa nasari? Ati wamama wazima." Akaanza kuimba kwa sauti ya kukwaruza, akipiga paja lake: a, e, i, o, u. Ba, be, bi, bo, bu. Cha, che, chi, cho, chu.

Nilikuwa naleta chai. Niliona shuka la mama likiinuka na kushuka. Goti lilikuwa linapiga kila silabi, sawasawa, bila kuchelewa hata moja. Jirani alipofika da, de, di, goti lilikuwa linamtangulia.

Niliweka chai chini. Mama yangu hakuwahi kujua M. M ni kitu gani? Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha M ikiwa peke yake uchi. Yeye alifundishwa ma, me, mi, mo, mu, na maji kwake si herufi nne, ni vitu viwili, ma na ji, na kila kimoja kina chumba chake kwenye wimbo. Mimi nilikuwa nimempasulia maneno yake vipande ambavyo hakuwahi kuviona, halafu nikamkasirikia kwa kutovitambua.

Ile programu ya ng'ambo ya "inakuja hivyo ilivyo" ingenimaliza hapo. Hii nikaifungua ndani. Kibodi yenyewe ilikuwa faili nyingine ya maandishi matupu, kila kitufe na mstari wake, na popote palipoandikwa herufi moja ungeweza kuandika lolote. Nikafuta alfabeti yote. Nilianza kwa ujanja wa mwalimu wa pakeji: nikaweka juu silabi zinazotumika sana, "na", "ka" na "wa", ili kuokoa muda. Mama alitazama skrini, akanitazama mimi, akagonga mara mbili kwa nguvu. Nikajaribu kumweleza faida zake. Akagonga tena. Kumbe wimbo hauna ujanja. Nikapanga kama mwalimu wake alivyopanga ukutani, a e i o u juu kabisa, kisha ba mpaka mwisho, kila mstari silabi tano. Nikamwekea pia sauti, programu ndogo ya bure ya kusoma kwa Kiswahili, ambayo ilisoma kama mwanamume aliyebanwa pua na mlango.

Kisha nikatoka kuweka nguo kwenye kamba, kwa sababu nilijua nikibaki nitaingilia. Kengele ikalia tik, tik nyuma yangu. Niliendelea kuanika. Kupitia dirishani yule mwanamume wa pua akasema, "Sukari."

Niliingia na nguo mbichi mkononi. Tangu hospitali nilikuwa nampa uji bila sukari. Muuguzi mmoja alikuwa amesema tu kwamba ni afadhali, na mimi nikashika hapo hapo, miezi yote hiyo, asubuhi na jioni, na katika maswali yangu yote ya ndiyo na hapana sikuwahi kumuuliza kama uji unapita kooni. Mama alinitazama bila kupepesa. Nikaenda jikoni nikatia vijiko, na sitasema vingapi. Alipomaliza kikombe nililia, naye akaandika "bado", nikamwongeza.

Kikao kikaitwa mwezi wa nne, mvua zimeanza, na wote wakaja kwangu kwa kuwa mama hangesafiri: baba mkubwa, kaka yangu, na wazee wawili wa ukoo ambao kazi yao ilikuwa kukubali. Niliwaambia mapema kwamba mama anaongea sasa. Kaka alisema vizuri, kwa sauti ya mtu anayesifu mchoro wa mtoto. Nikamweka mama kwenye kiti chake karibu na mlango wa chumba, skrini mbele yake, spika juu ya kabati, kengele kwenye goti.

Baba mkubwa alivua kofia, akaiweka magotini, akaomba sala. Kisha akaanza kwa maneno ambayo niliyajua, kwa sababu niliyasikia wiki moja baada ya kumzika baba, kwa sauti ile ile. Alitaja jina la ukoo. Akasema aliyelala amelala, na walioko macho lazima wagawane mzigo wake. Kwetu maneno hayo yana mahali pake. Yanasemwa matanga yakishaisha, watu wakikaa kuamua ng'ombe waende wapi na nani achukue nini. Hakuna mtu chumbani aliyeona ajabu. Akaendelea: shamba lipewe yule mnunuzi, ng'ombe wahamishiwe kwake yeye baba mkubwa kwa kuwa ana malisho, vyombo vya nyumba wagawiwe jamaa, na mama aende Nairobi.

Tik, ikasema kengele.

"Hiyo mashine inaweza kuzimwa kidogo?" akauliza mzee mmoja.

"Haizimwi," nikasema.

"Mwanangu, tuheshimiane," akasema baba mkubwa.

"Tuheshimiane," nikasema. "Tunaanza na yeye."

Nilisimama katikati ya chumba, mbali na kiti, mbali na nyaya, nikaweka mikono yote miwili juu ya kichwa kama mtu aliyekamatwa na polisi. Nilitaka waione. Nilimwambia kaka aende asimame nyuma ya mama, atazame goti na skrini, na aseme kama kuna mtu mwingine anayegusa kitu. Alikwenda, na nadhani alikwenda ili tu nishushe sauti. Kivuli cha manjano kilishuka kwenye wimbo, mstari baada ya mstari. Mama alikuwa hana haraka. Baba mkubwa alitazama saa yake, akajaribu kuendelea na habari za mnunuzi, akaishia njiani kwa sababu kaka alikuwa ameinua kiganja kumnyamazisha, macho hayatoki kwenye skrini. Kaka yangu, ambaye hajawahi kumwinulia mzee mkono. Na midomo yake ilikuwa inasoma silabi moja moja, kama mtoto.

Ndipo yule mwanamume wa pua akasema kutoka juu ya kabati, bila kupandisha wala kushusha:

"Nani amekufa."

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya jirani. Mmoja wa wale wazee akashika shingo ya shati lake. Nilitaka kupiga vigelegele, nilitaka kupiga mtu, na sikufanya lolote, mikono yangu ilikuwa bado juu ya kichwa.

Baba mkubwa ndiye aliyepata maneno kwanza. Aliwageukia wenzake, mpole kama kawaida. "Mnaona?" akasema. "Amechanganyikiwa, maskini. Anauliza nani amekufa."

"Hajachanganyikiwa," kaka akasema. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Baba mkubwa, amekusikia ukianza."

Tik. Wote tukageuka. Kivuli kilianza tena kutoka juu, a e i o u, na goti la mama likakingoja, likakipata, likakiachilia kishuke tena. Nilimtazama usoni. Alikuwa na sura ile aliyokuwa nayo akikuta mtu ameacha geti la zizi wazi, na sikuwa nimeiona sura hiyo tangu Subukia. Hakuna aliyetazama saa. Silabi nne, na kila moja niliweza kusikia watu wakipumua kabla yake.

"Nijibuni," mashine ikasema.

Mzee aliyeshika shati akatazama sakafu. Mwingine akamtazama baba mkubwa, maana ndiye aliyefungua kikao, na kwetu anayefungua ndiye anayejibu. Baba mkubwa aliitazama spika kwanza. Kisha akaitazama skrini. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu kiharusi, akamtazama mama mwenyewe, machoni, na mama hakuyaondoa macho yake.

"Hakuna, shemeji," akasema. "Hakuna mtu amekufa."

Mama alikuwa ameshaanza silabi nyingine, na safari hii wote walingoja.